Jaza Asili

Mashine mpya haimpimi mtu mpaka uijibu kwanza:
umri, urefu, jinsia, asili.
Kwenye asili ina vyumba vinne tu,
na kimojawapo kimeandikwa Mwasia,
kana kwamba Asia ni nyumba moja ya Upanga
yenye jiko moja na moshi mmoja.

Jumatatu aliingia Mzee Taherali, muuza misumari;
sigara haijui, ila ubani kila Alhamisi usiku.
Akafuata Liang wa Kariakoo, mwenye duka la vigae,
aliyeshuka mgodini kwao akiwa na miaka kumi na sita;
kifua chake bado kinapiga mluzi wa makaa yale.
Kisha Shambe, Mbaluchi, mpuliza rangi za magari:
"Asili? Andika Ilala."
Wote nikawasukumia chumba kimoja.

Champaben alikuja Alhamisi.
Kazaliwa Tanga, kaolewa Kisutu,
sigara hajaishika hata kumwashia mtu.
Chapati kwenye mkaa, miaka hamsini;
gesi ilipofika, mikono ilikwishazeeka.

"Vuta, mama, vuta, vuta, haya toa!
Toa, toa, usikate, usikate!"
Akatoa kilichokuwepo.
Karatasi ikasema: kawaida, kwa Mwasia.
Nikamtazama midomo, imeiva zambarau.
Nikarudi nyuma, nikambadilishia asili,
kwa kidole kimoja tu, pumzi ile ile.
Karatasi ya pili ikasema: mgonjwa.

Karatasi mbili mezani, feni inazipekua.
Kifua kimoja.

Nikamuuliza swali lisilokuwamo kwenye mashine:
"Unakaa ghorofa ya ngapi?"
"Ya tatu. Lifti ilikufa kabla ya mume wangu."
"Njiani unapumzika mara ngapi?"
Akahesabu kwa Kigujarati, vidole gotini,
akanijibu kwa Kiswahili cha Tanga, taratibu,
neno, pumzi, neno:
"Zamani nilipanda na ndoo. Siku hizi, mwanangu,
kila kidato nakijua kwa jina."

Daktari anataka karatasi moja kwenye faili.
Nimezibana zote mbili kwa pini,
na pembeni, kwa penseli, pale pasipo na chumba:
ghorofa tatu, vituo vinne.
Mkaa.
Asili: jikoni.