Kibanda cha Manjano

Echati,
nimekamatwa Mombasa siku ya tatu,
siku ambayo mgeni hupewa jembe.
Mimi nilipewa karipio.

Nilisimama nje ya duka la vipuri, Mwembe Tayari,
nikisubiri pampu ya jenereta ya Baba Mdogo.
Njiti moja, pafu moja,
mkono ukanitua begani.
"Wewe! Unavutia barabarani?"
Nikageuka, nikidhani anasema na lori,
maana lori la saruji lilikuwa likipita
na moshi wake mweusi kama kaniki
ukituingia puani, yeye na mimi,
bila kuulizwa kitambulisho.

Nilimjibu kwa Kiswahili cha kwetu.
Akacheka. "Kumbe mgeni!
Hata maneno yako yamekaa moshini."
Mwakio, ndivyo kilivyosema kibati kifuani.
Faini aliitaja, kisha akaisahau;
sikumpa kitu, nakuapia,
ila jina la kisiwa chetu,
akalitamka mara mbili
kama mtu anayeonja halua.
Halafu akaninyoshea kidole: kule.

Kule ni paa la bati juu ya nguzo nne,
rangi ya manjano, ukubwa wa chumba cha Mama,
ukuta hakuna hata mmoja.
Na moshi, Echati, haujui kusoma.
Unatoka kama mwenye nyumba,
unavuka barabara bila kutazama kushoto,
unaingia kwa muuza achari.

Kiberiti cha gesi kimefungwa uzi kwenye nguzo
kama mbuzi.
Tulikuwa watano: karani wa mahakama na tai yake,
hamali aliyeegesha mkokoteni wa viazi,
dada wa benki akivuta huku ametupa mgongo
wasimwone wateja, wasimwone wakweze.
Hatukujuana. Tuliazimana moto
kama majirani wanavyoazimana chumvi.
Na kijana mmoja, soksi zimemjaa mabegani:
"Mimi sivuti," akasema kabla sijauliza.
"Nafuata kivuli."

Karani alikuwa na habari za ng'ambo.
Kuna nchi, akasema, hata ufukweni huwashi,
hata garini mwako, ikiwa mtoto yumo.
"Basi watavutia majini," akadakia hamali,
"shingo juu, kama kasa."
Tukacheka mpaka dada wa benki akageuka.

Mimi nilicheka nusu.
Nilimkumbuka Baba:
harusini akivuta, zahanatini akivuta,
wewe ukiwa mchanga, mkono wa kushoto amekupakata,
wa kulia una sigara.
Hakuna aliyemwambia kule.
Tulimletea kisahani cha majivu
kama tulivyomletea chai,
na mimi ndiye niliyekuwa nikikisugua,
nikakisugua hata wiki ile ya mwisho,
alipokuwa hawezi tena kumaliza sentensi.
Tuliita heshima.
Sijui tungeliitaje jambo la mtu
kumtua Baba mkono begani.

Pampu imepatikana, ghali kidogo.
Nimenunua soksi pia, jozi tatu, kwa mwanao;
kijana alinipunguzia, eti mimi mwenzake wa kivulini.
Zimekaa kibandani tangu asubuhi.
Zifue kwanza, mara mbili,
uzianike mbali na jiko,
ndipo umvishe.