Kitalu Namba Tisa

Siku ya kugawa tulipima kwa kamba ya nyavu,
kamba iliyochoka kuvua, Masalu kaitoa mwaloni Kirumba.
Hatua sita kwa nne, kigingi.
Hatua sita kwa nne, kigingi,
kuteremka korongo la Mabatini
hadi pale palipokuwa jalala:
ndala za mguu mmoja, betri, godoro lililoota uyoga.
Miezi miwili tulizoa. Mikokoteni thelathini na moja.
Najua kwa sababu niliandika mimi,
daftari ninalo mimi.

Namba tukazitia kwenye sufuria la msiba,
kila mtu na mkono wake, na bahati yake.
Nikatoa tisa.
Kicheko kilianzia kwa Ng'washi, kikaishia kwa mtendaji wa mtaa.
Kitalu namba tisa ni jiwe.
Si jiwe la kukalia. Jiwe la Mwanza hasa,
limeshinda kibanda cha wakala kwa ukubwa,
limeinama mbele
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.
"Katibu," Ng'washi akasema, "wewe panda kokoto,
utavuna tofali."

Ziwa tunaliona lote kutoka hapa,
limetandikwa chini kama shuka la wageni,
na bomba letu linakohoa tu.
Basi maji yanapanda kichwani,
ndoo na ndoo, wanawe Bigambo wakimwaga nusu,
mpaka njia ikaota mchicha kabla ya vitalu.

Mbolea tulifuata ufukweni.
Gugumaji lile lile lililowafungia wavuvi njia
tukalianika, tukalikatakata,
tukalichanganya na vichwa vya dagaa na samadi ya Igoma.
Wiki mbili paka wa mtaa mzima walihamia kwetu.

Sheria ya tatu: hakuna mti wa kudumu.
Kokushubira akapanda mgomba.
Tukaitisha mkutano, tukabishana hadi saa tatu usiku,
mbu wakitusikiliza kwa karibu,
nikaandika azimio:
mgomba si mti.

Mwezi wa nne kigingi kati ya tisa na kumi
kilitembea.
Kiganja kimoja, usiku, kuja kwangu.
Nilipima kwa kamba, nikapima kwa mguu,
nikalala na kile kiganja kifuani.
Kumi ni cha mama Kwandu.
Alfajiri nikamfuata, daftari kwapani,
maneno nimeyanoa kuliko jembe.

Nilimkuta amechuchumaa chini ya tumbo la jiwe,
upande ule ambao sikuwahi kuuangalia,
anafukua kwa kijiko cha chai.
Udongo mweusi.
Mvua za miaka zilikuwa zikiteleza mgongoni mwa jiwe
na kuuweka pale, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu.
Nilitia kidole. Una unyevu wa juzi.

"Nilitaka kiganja tu," alisema,
"niotee mgagani wa Nyanzala, amejifungua,
maziwa hayatoki.
Ningekuomba. Lakini wewe kila siku
unasimama hapo juu na kalamu.
Huinami."

Nilitafuta yale maneno niliyoyanoa.
Nikaona kijiko, kimepinda shingo.
Nikaona mikono yake.

Daftari, ukurasa wa arobaini na mbili:
*Kigingi cha tisa na kumi kimekaguliwa.
Kipo mahali pake.*
Sahihi yangu, na dole gumba la mama Kwandu,
wino na udongo.

Siku hizi naandika nimechuchumaa.
Jiwe linanigonga utosi nikijisahau,
na jioni linatoa joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Nyanya chungu zimeshika. Kunde zinatambaa ubavuni,
zinapanda pale nilipodhani hapapandiki.
Ng'washi anaita kutoka namba mbili,
mikono kiunoni:
"Katibu! Kokoto zimeota?"

Zimeota, namjibu.
Lete ndoo.