Hesabu ya Nguo Nyeupe

Jumatatu, nguo ishirini na sita,
zote nyeupe, kutoka Nyumba ya Utulivu
kule Upanga, nyuma ya zahanati ya macho.
Watawa wale hawaoi, hawaolewi, hawali kitunguu,
huamka saa kumi alfajiri kuinyamazia dunia.

Dada Hemlata aliniambia siku ya kwanza
akinihesabia noti:
"Mshamu, mwili ni vazi tu.
Roho haina ndevu wala matiti."
Nikaitikia. Mavazi nayajua.
Manjano hung'ang'ania pindo,
jasho halitoki kwapani hata ulipige buluu mara tatu,
na chozi likikauka huacha chumvi
kwenye mkono wa kulia.

Kila nguo naitia alama ya uzi penye ukosi.
Kirit, mwekundu.
Dilesh, kijani.

Kirit nilimjua kabla hajawa mweupe,
kijana wa duka la vitasa, Kisutu.
Mama yake, Bi Savita, kila Desemba na picha mpya:
binti wa Rajkot, binti wa Mwanza, daktari wa meno.
Akizitazama kama mtu asomaye bei
ya kitu asichokihitaji.
Siku moja mjomba akafunga duka mchana kweupe.
Nilikuwa nje na furushi, nikasikia:
"Hilo si letu! Hilo ni la Wazungu!"
Nikacheka moyoni. Kwetu Tandika
tunasema lilikuja na meli,
na huko ilikotoka meli nako wananyooshea kidole kwingine.
Mzigo usio na bandari iliyoupakia.

Sikucheka sana.
Mwaka ule ule nilikuwa nimemfukuza mpiga pasi wangu
kwa neno hilo hilo,
la kusikia tu.

Kirit alipoingia utawa mtaa mzima ulipumua.
Bi Savita akagawa vitamu vya maziwa,
hata mimi nikapata, ndani ya gazeti.
Aliyekuwa aibu Jumanne
Ijumaa akawa baraka,
na kilichobadilika ni kitambaa.

Alimweleza Dada Hemlata yote. Hakufokewa.
"Matamanio yote ni jivu moja," aliambiwa,
"la mume kwa mke, na hilo lako."
Alinisimulia mwenyewe, akinisaidia kukunja shuka:
"Mshamu, ni mara ya kwanza
nakatazwa sawa na wengine."
Sikujua nimpe pole au hongera.

Kisha mvua ile iliyofunga Jangwani siku tatu
ikanivuruga akili, nikachanganya:
mwekundu kwa Dilesh, kijani kwa Kirit.
Nikarudi mbio na daftari, naomba radhi.
Wameketi ukumbini, kati yao mkeka mmoja mtupu,
kama siku zote.
Dilesh akasema bila kugeuka,
"Acha, Mshamu. Zinatutosha."

Tangu hapo nikawa nachanganya kusudi.
Kila Jumatatu, miaka kumi na moja.
Daftarini sikuandika.

Mwezi jana Dilesh amechomwa, Makumbusho.
Moyo, walisema.
Waombolezaji walivaa nyeupe, ndiyo desturi yao.
Kirit naye nyeupe. Nani angejua?
Mjane huvua rangi;
yeye hakuwa na rangi ya kuvua.
Hakukalishwa eda. Hakuna aliyempa mkono wa kwanza.
Bi Savita, mzee sasa, juu ya kiti cha plastiki,
akiwaambia wenzake: "Mwanangu hana kamba ya dunia.
Tazameni. Halii."

Jumatatu, nguo ishirini na nne.
Moja ya Kirit, uzi wa kijani penye ukosi,
mkono wa kulia mgumu kwa chumvi.
Nililoweka zote.
Hiyo niliipiga pasi ilivyo,
polepole, nikizunguka pale,
nikaikunja, nikaiweka juu ya nyingine.

Daftarini nikaandika: imefuliwa.