Kiwiko

Katika picha ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba,
mwaka themanini na nne,
mama yangu ni kiwiko.
Wanaume thelathini na mmoja, wanawake tisa,
meneja na mbwa wake,
na pembeni kabisa, kushoto, mkono uliokunjwa
na kipande cha kitenge.
Picha iliishia hapo.
Mama hakuishia hapo.

Ndiyo sababu niliitaka ile kamera
ambayo lenzi yake huzunguka inapopiga,
kama bundi anayegeuza shingo,
ikaokota ukingo hadi ukingo.
Waliokuwa wakiiunda waliacha zamani.
Makoroboi nilipoulizia, wakanionyesha simu.
Dar walicheka.
Nairobi ilikuwapo moja, mwenyewe kahama nayo.

Rotterdam wanayo!
Nikafungua orodha ya nchi wanazotumia mizigo,
nikashuka kwa kidole:
Tajikistan, halafu Thailand.
Kati yao hamna kitu,
na ndani ya hamna kitu hiyo
mimi, na Kirumba nzima, na ziwa na mawe yake.

Mzee mmoja wa Osaka alinijibu
kwa Kiswahili alichotafsiriwa na mashine:
"Kamera ina afya. Ngozi yake imezeeka kwa heshima."
Nikamwamini kwa sentensi hiyo.

Pasipoti saizi, nne kwa elfu tano.
Nilihesabu: nyuso mia sita
zitakaa kwenye stuli yangu, zitaambiwa zisicheke,
ndipo nimlipe.
Nyamizi hakugomba. Alitazama tu juu,
pale bati la jikoni linapovuja,
akasogeza sufuria.

Osaka. Hong Kong. Dubai.
Dubai.
Siku ya tisa, bado Dubai.
Nikaota mzigo wangu umekaa benchi, unanisubiri mimi nikaulete.
Kisha Dar es Salaam: *umeshikiliwa*.

"Mpya au mtumba?" akauliza afisa wa forodha.
Mtumba.
"Mbona bei ya mpya?"
Kwa sababu haitengenezwi tena.
"Kwa hiyo ni kitu cha kale."
Si cha kale, bwana. Ni adimu.
Nikamsikia akibonyeza, akibonyeza.
"Adimu haimo kwenye mfumo."
Tukabishana siku nne, kwa adabu,
na kila siku ghala likanitoza.
Mwishowe akaiandika *Vifaa Vinginevyo*,
nami nikauza taa yangu moja ya studio
kulipia jina hilo.

Ilifika Nyegezi alfajiri, kwenye buti la basi,
imelaliwa na gunia la nazi.
Mwanangu Sayi akayanyoosha magazeti yaliyoifunga,
akatusomea Kijapani chote cha ukurasa wa mbele,
kwa sauti, bila kukwama.
Mama yake akaipima mkononi.
"Ndiyo hii?"
Ndiyo hii.
"Nzito," akasema, na kwake hiyo ni sifa.

Nilikuwa na mkanda mmoja,
uliopitwa na tarehe, uliolala miaka kwenye friji na sato.
Picha ishirini na moja, si zaidi.
Wa kuusafisha yuko Nairobi,
kwa hiyo ninayowaambia hapa sijayaona bado.

Nilikwenda Kayenze, kwa wanika dagaa.
Wanawake ishirini na sita, wamejipanga mbele ya chanja,
mstari mrefu, hakuna kamera ya simu iliyowahi kuumaliza.
Wakajitania. Wakajifunga upya khanga.
Na yule wa mwisho kushoto, Kabula,
kwa mazoea ya miaka yote
akaanza kujibana ndani,
mkono kaukunja, bega mbele,
kama anayepita mlango mwembamba.

"Baki hapo hapo, shangazi.
Nyoosha mkono. Umo."
Akanitazama kama ninayedanganya.

Nikabonyeza.
Lenzi ikaanza kuzunguka, polepole, ikikoroma,
kuanzia kwake.