Dakika ya Arobaini

Mizani imesoma kilo kumi na tisa:
korosho za kubangua, ming'oko ndani ya kiroba,
khanga mpya mbili zilizoviringwa kama mtoto.
Nimefunga lebo, nimesukuma mzigo ndani.
Bi Somoe Nangumbu wa Nanyamba haondoki.

"Mwanangu, hapa na Dar pana umbali gani?"
Saa moja, mama, na dakika tano.
"Saa moja ya asubuhi au ya jioni?"
Si saa ya saa, mama. Saa ya safari.
"Basi umenijibu muda. Mie nimekuuliza umbali."

Nyuma yake foleni inakohoa.
Bwana mmoja wa gesi, kofia ya chuma kwapani,
anaitazama simu yake kama anaidai.
Nikamwambia: kwa mstari ulionyooka,
kilomita mia nne, pengine na ushee.
Akatikisa kichwa
kama mkulima aliyetajiwa bei mnadani.

"Mwaka ule wa mvua tulikwenda siku sita.
Nangurukuru tukasukuma basi. Somanga tukasukuma tena.
Nauli tumetoa, na miguu tumetoa.
Kufika Ndundu, pantoni imekufa,
malori yamelala mkia mpaka usione mwisho.
Usiku wa tatu nikajifungua hapo hapo kwenye foleni,
chini ya lori la chumvi, turubai ndiyo dari.
Dereva akanipa wembe ungali kwenye karatasi yake,
akageukia mtoni, hakugeuka tena mpaka mtoto alie.
Wanaume wakasema aitwe Foleni.
Nikamwita Ndundu."

Ndundu kalazwa Muhimbili.
Tiketi wamechanga wenzake wa gereji, Buguruni.
Daktari kasema mama aje leo,
na basi lingemfikisha usiku.
Haya kayasema akitafuta kitambulisho
kilichokuwa mkononi mwake muda wote.

"Utaniambia tukipita Ndundu."
Ndege haisimami, mama.
"Nimesema isimame? Nimesema niambiwe."

Sikumwambia kwamba mimi sipandi.
Nimempa kiti cha dirishani, mkono wa kushoto,
upande wa mto, kama wingu litaruhusu.
Mamlaka yangu yanaishia hapo.

Saa tatu kasoro dakika kumi imenyanyuka,
ikakata kona juu ya mikorosho, ikawa sauti,
kisha hata sauti ikaisha.
Nikafuta vumbi kwenye mizani.
Nikamimina chai ya rangi, sikuinywa.
Abiria wa mchana mmoja kapiga simu:
safari inachukua muda gani?
Nikakuta sina jibu la haraka.

Saa tatu na nusu nikatoka nje,
nikasimama nyuma ya tangi la maji
mlinzi asije akanisikia.
Angani hamna kitu, kunguru tu.

Bi Somoe, nikasema. Hapo.
Chini, kushoto.
Hapo hapo.