Dakika Ishirini na Tatu

Huku Tukuyu hakuna wa kupita na ngoma usiku wa daku.
Msikiti wetu una safu mbili, na ya pili haijai
ila Ijumaa akipita dereva wa lori la chai.
Mwezi tunauamini kwa redio;
mawingu ya Rungwe hayajawahi kutoa ushahidi.

Ila saa kumi kasoro Mama Ambakisye,
Mmoraviani, sauti ya tatu kwenye kwaya,
akiwahi gari la ndizi la Kiwira,
hugonga mbao zinazotutenga kwa kisigino cha kiatu:
"Sikudhani! Amka ule!"

Usiku wa kumi na saba hakugonga.
Niliamka kumekucha, nia ya jana ndiyo daku yangu,
nikakuta mlangoni kwake kufuli na matope ya miguu mingi.
Mama yake amefariki, Masoko.

Nikaenda.
Sinia la mbalaga lilinifikia kabla sijatoa pole:
mvuke, mafuta, nyama ya ng'ombe wa marehemu mwenyewe.
Nikasema nimefunga.
Bibi Tusubilege akanitazama
kama mtu aliyekataa kushika jembe kaburini.
"Umefunga nini?"
Nilikosa neno. Mvua juu ya bati ikanisaidia kunyamaza.

Wao wakaimba. Mimi nikamenya ndizi,
utomvu ukaniganda vidoleni, mweusi, kama wao,
harufu ya chungu ikiingia puani bila hodi.

Jua hatujaliona tangu Jumatatu.
Jioni huku haizami, hunywea tu
kama shuka lililoanikwa likanyeshewa.
Bibi akaja na kitu kwapani, kimefungwa jani la mgomba,
majivu bado yamekishika.
"Nimemkalisha mjukuu redioni tangu saa kumi na moja.
Anasema Dar wameadhini. Kula."

Ndaga, bibi. Lakini jua la Dar si letu.
Letu huchelewa dakika ishirini na tatu,
ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya msikitini.

Nilidhani atacheka, au ataondoka.
Akavuta kigoda, akaketi,
jani akaliweka juu ya magoti yetu, nusu kwangu, nusu kwake,
likituchoma.
"Basi tungoje," akasema.
"Tangu dada afe, hata mimi sijatia kitu kinywani."