Mkono wa Kuazima

Kila alfajiri, hapa Konde, najifunga kitambaa cha presha;
kinavimba, kinanibana, kinashusha pumzi,
na namba zangu zinakwenda Wete bila nauli.

Jana usiku nilikula ng'onda. Nikajua kitanichongea.
Kulipokucha nikamwita mkwe wangu, Mwanakombo:
"Niazime mkono. Wako mzima."
Akacheka, akaunyoosha, unga bado vidoleni.

Chai haijachemka, simu ikalia. Nesi Hidaya:
"Bi Mize, usinyanyuke! Mia mbili na kitu.
Gari inakuja."

Nikamtazama Mwanakombo akisukuma chapati.
Kichwa, alisema juzi, kinamgonga kidogo tu,
jua la kuanikia karafuu.

"Gari ije, mwanangu," nikasema,
"ije mbio.
Mkono si wangu."